Mvujo Katika Nyumba ya Nuru

1

Barua ya kwanza Nyemo Chilongani aliiandika kwa upole. Ya pili aliiandika kwa adabu ya mtu anayejizuia. Ya tatu aliiandika kama anayegonga mlango kwa kiatu. Ilipojibiwa kwa sentensi ileile iliyojibu zile mbili, "Mashine zetu zinafanya kazi vizuri, asante," alifunga sanduku lake la vifaa, akapanda treni ya alfajiri kutoka Dodoma, na kesho yake alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa Nyumba ya Nuru, milimani Rungwe, akikung'uta maji kwenye koti.

Mvua ilikuwa inanyesha. Vioo vya madirisha vilikuwa vinatoa jasho kwa ndani, na karatasi alizozibeba zilianza kulegea mkononi kabla hajazifungua.

"Karibu sana, Fundi," alisema Daktari Ambakisye Mwaijande, mkuu wa nyumba hiyo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. "Pole na safari. Lakini ungetupigia simu tu. Hapa hatuna tatizo."

"Najua. Mmeniambia mara tatu."

"Sasa?"

Nyemo akatandaza karatasi moja mezani. Ilikuwa na mistari kumi na tisa, mmoja kwa kila mgonjwa, inayopanda na kushuka.

"Hivi ni vipimo vya watu wako wote kwa mwezi mmoja, kama vinavyofika kwetu, Ofisi ya Vipimo. Angalia Jumanne. Wote wamepanda. Alhamisi wote wameshuka. Jumapili wamepanda tena, wote. Daktari, watu kumi na tisa waliolala hawajitambui wanapanda na kushuka pamoja kama kwaya. Unajua Alhamisi hiyo hapa kulikuwa na nini?"

"Nini?"

"Jua. Niliuliza watu wa hali ya hewa."

Daktari akaikunja karatasi, akasema, "Twende wodini kwanza," kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni chai ili asahau alichokuja kudai.

Wodi ilikuwa ndefu, safi, na mashine za kupumulia zilikuwa zinavuta na kushusha pumzi kwa zamu. Kwenye kitanda cha saba mwanamume mwenye ovaroli ya kijani ya shamba la chai alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimsimulia mwanamke aliyelala jinsi mashine ya kuchumia ilivyokwama kwenye matope asubuhi hiyo na jinsi msimamizi alivyojitia kuisukuma akaanguka kifudifudi. Alizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliye jikoni kwake.

"Lwitiko Mwangomo," Daktari alinong'ona. "Mkewe ni Bupe. Mwaka wa tano sasa. Anakuja kila siku saa yake ya chakula."

"Na huyu?" Nyemo alionyesha kitanda cha nane, ambacho hakikuwa hata na kigoda.

"Sekela. Alikuwa mwalimu. Ndugu zake walihama. Hawajaja miaka minne."

Muuguzi mmoja, Tumpe, alikuwa anamteremshia Bupe kofia ya kupimia, chungu cheusi kilichofunika kichwa chote hadi shingoni. Lwitiko alinyamaza. Daktari naye alinyamaza. Popote katika nchi kofia ilipokuwa inapima, watu walinyamaza, maana Sheria ya Nuru haikuwa na mchezo. Ubongo ulio hai hutoa mwanga mdogo mno usioonekana kwa macho. Kipimo kikisema mwanga upo, hakuna mume, daktari wala jaji anayeruhusiwa kuzima mashine ya kupumulia. Kikisema haupo, siku tatu mfululizo, basi mtu huyo amefariki, na mashine lazima izimwe kabla ya siku ya saba. Waliotunga sheria hiyo walitaka mtu yeyote asibaki na lawama moyoni. Lawama zote waliitwisha kofia.

Kioo kikawaka kijani. NURU IPO.

"Asante," Lwitiko akasema, haikujulikana kwa nani, akamaliza kisa cha msimamizi na kuondoka.

"Namba ngapi?" Nyemo aliuliza.

"Mia tisa arobaini na moja," Tumpe akasoma.

"Na kiwango cha kisheria ni ishirini na tano."

"Ndiyo," Daktari akasema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Watu wa milimani wana nuru kali. Niliandika makala kuhusu jambo hilo. Niliisoma kwenye mkutano, ilipokelewa vizuri sana."

Nyemo akafumba macho, akahesabu mpaka tano. Alipoyafumbua, aliona jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto lililokuwa linauzuia mlango wa wodi usijifunge. Akaenda, akaliokota, akalifuta kwa koti lake, akaliweka juu ya meza ya kusukuma, akalifunika kofia.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nyamaza, Daktari. Tunapima."

Sekunde mia moja zilipita. Kioo kikawaka kijani. NURU IPO, mia tisa thelathini na nane, na mashine, kama ilivyofundishwa, ikatema kikaratasi chake. Nyemo alikisoma kwa sauti: "Aliyepimwa anahesabiwa kuwa mtu hai kwa mujibu wa Sheria ya Nuru, na mali, ndoa na haki zake zote zinalindwa."

Tumpe akaziba mdomo kwa mkono.

"Mnaweza kumtafutia jina," Nyemo akasema. "Na mchumba."

Hapo ndipo alipogeuka, akamwona Lwitiko amesimama mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua chombo chake cha chakula. Alilitazama jiwe, akakitazama kioo, kisha akamtazama Nyemo, na Nyemo angetoa chochote kuirudisha ile kauli ya mwisho kinywani mwake.

Lwitiko aliingia. Alichukua chombo chake akatoka.

2

Walimpa chumba cha stoo nyuma ya jiko. Alitandaza kitambaa safi, akaifungua kofia ya kwanza, na harufu ya lavenda ikampiga usoni.

"Nani alipulizia marashi humu ndani?"

Tumpe, aliyekuja kumsaidia, akatazama chini. "Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanalalamika kofia zinanuka jasho, dada. Tunapulizia kila Ijumaa. Halafu tunafuta na kitambaa."

"Kikavu?"

Tumpe akaitikia kwa kichwa.

"Tumpe, mdogo wangu. Njoo uone kitu."

Kila kofia ilikuwa na jicho, diodi ya mwanga isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mwanga ukiigusa, diodi hutoa umeme. Lakini mwanga wa ubongo ni mdogo mno, na umeme wake ulihesabiwa kwa femtoampea. Chukua ampea moja, igawe vipande milioni moja. Kila kipande kigawe tena milioni. Kila kilichopatikana kigawe elfu. Hiyo ndiyo femtoampea. Mtu aliyelala usingizi mzito lakini akiwa hai alitoa arobaini hivi; aliye macho, mamia.

"Umeme mdogo namna hiyo huwezi kuupima ukipita," Nyemo alisema. "Unaukusanya. Unaweka kikombe, unasubiri sekunde mia, halafu unaangalia kimejaa kiasi gani. Kikombe ni hiki hapa, kapasita. Saketi nzima kazi yake ni kusubiri na kuangalia. Sasa niambie, kama umeweka kikombe chako ukusanye umande, na juu yake paa linavuja, utajuaje maji yapi ni ya umande?"

"Sitajua."

"Hutajua. Na mkifika asubuhi mnakuta kikombe kimejaa, mnasema, ajabu, milimani kuna umande mwingi sana. Mnaandika makala."

Tumpe alicheka, kisha akajikaza.

Nyemo akaikata diodi, akaitoa kabisa. Sasa kofia ilikuwa kipofu; hata ukiielekeza kwenye jua isingeona kitu. Akawasha saketi, akatazama volti zikipanda kwenye kapasita, akapiga hesabu: mia nane tisini na saba. Karibu namba yote ilikuwa mvujo, umeme unaopenya mahali usipotakiwa. Akainama akaupulizia ubao wa saketi pumzi moja ya kinywa. Namba ikaruka hadi elfu moja na mia tatu.

"Mungu wangu," Tumpe akasema.

"Hiyo ni pumzi yangu tu. Una mashine ya kukaushia nywele?"

Ilipatikana. Hewa ya moto ikapita juu ya ubao kwa dakika kumi na namba ikashuka hadi mia tatu. Unyevu. Juu ya unyevu kulikuwa na mabaki ya dawa ya kuchomelea, yanayonyonya maji kama chumvi, na juu ya mabaki kulikuwa na lavenda, na juu ya lavenda, kwenye kona, alama kamili ya kidole gumba cha mtu aliyewahi kuufungua mfuniko ili atazame tu. Umeme wa kuendeshea mashine ulikuwa unapita kwenye njia yake milimita moja kutoka kwenye ile nukta nyeti inayounganisha diodi na kapasita. Kwenye ubao mkavu, milimita moja ni kama ng'ambo ya ziwa. Kwenye ubao huu ilikuwa kama kuvuka barabara.

"Mjinga gani aliweka njia hii karibu namna hii?" Nyemo aliuliza kwa hasira, akavuta mchoro wa awali kwenye kioo chake.

Ulikuwa umepimwa Dodoma, mwezi wa tisa, vumbi likitimka. Mvujo: femtoampea mbili. Umeidhinishwa kutumika nchi nzima. Sahihi iliyokuwa chini ilikuwa yake.

Akaufunga mchoro.

"Dada?" Tumpe akaita.

"Niletee spiriti safi. Ile isiyo na maji kabisa."

Alifanya kazi siku mbili. Aliosha ubao kwa spiriti na brashi, akausuuza kwa maji yaliyochujwa chumvi zote, akauosha tena kwa spiriti. Aliuoka kwa saa nne kwenye tanuri la mikate, moto mdogo, huku mpishi akilalamika kwamba chakula cha mchana kitanuka umeme. Namba ikashuka hadi sitini. Kisha akaufyatua mguu ule mmoja nyeti kutoka kwenye ubao, akauacha ukining'inia hewani na kuuchomelea humohumo, maana hakuna kitu kinachozuia umeme vizuri kama hewa. Kumi na moja. Mwisho akaizungushia nukta ile pete ya shaba na kuipa pete volti sawasawa na ya nukta yenyewe. Umeme ni kama maji, haukimbilii mahali palipo sawa na ulipo; mvujo wote uliokuwa unakuja ukaishia kwenye pete. Akatia vifuko vya punje za kunyonya unyevu, akafunga mfuniko kwa mpira.

Tatu.

Aliiacha ikae kwa saa sita huku mvua ikinyesha. Tatu. Tatu. Mbili. Tatu.

Alipaswa kufurahi. Alikaa akiitazama ile tatu kama mtu aliyepokea barua asiyotaka kuifungua.

3

Daktari aliingia bila kubisha, akaketi juu ya gunia la mchele.

"Umemaliza."

"Kofia moja. Bado sijaipiga lakiri." Bila lakiri ya Ofisi ya Vipimo, namba za kofia zilikuwa namba tu. Zikipigwa lakiri, zinakuwa sheria.

"Fundi Nyemo, nikuulize kama mtu na mtu. Huu mvujo umemuumiza nani?"

"Daktari..."

"Nijibu. Katika nyumba hii miaka sita hatujamzima mtu. Familia zinakuja zinatabasamu. Hakuna aliyenyimwa kitanda, kuna vitanda vitupu huko nyuma. Umetoka Dodoma na spiriti yako, unataka watu wangapi wafe wiki hii?"

"Mimi siui mtu. Kama wamekufa, wamekufa."

"Basi kama wamekufa, haraka ya nini?"

Nyemo akaichukua kofia. Ilimchosha kuulizwa swali zuri na mtu aliyeshindwa kujibu barua tatu.

"Tupime kwanza," akasema. "Bila lakiri. Hakuna kitakachotoka nje ya chumba hiki."

Walipima mchana mzima, Nyemo, Daktari na Tumpe, kitanda kwa kitanda. Cha kwanza: thelathini na nane. Cha pili: mbili. Cha tatu: nne. Cha nne: arobaini na mbili. Kila namba ya chini Tumpe aliiandika ndogo kuliko iliyotangulia. Cha saba, Bupe: mbili. Walirudia. Tatu. Daktari akageukia dirishani.

Cha nane, Sekela: mia mbili na kumi na mbili.

"Imeharibika," Daktari akasema.

Nyemo aliiondoa. Aliifunika kofia juu ya meza tupu: tatu. Akairudisha kwa Sekela: mia mbili na kumi na tano. Akasogea karibu na kitanda.

"Sekela," akaita. "Mwalimu Sekela. Naitwa Nyemo. Kama unanisikia, fikiria ubao wa darasani. Fikiria kwa nguvu zako zote."

Mia mbili na tisini.

"Sasa pumzika. Usifikirie kitu."

Mia mbili na kumi.

"Ubao tena."

Mia tatu na nne.

Tumpe alianza kulia kwa sauti. Daktari Mwaijande aliteleza chini taratibu, mgongo ukiwa ukutani, mpaka akakaa sakafuni na koti lake jeupe.

"Tangu lini?" alisema. "Tangu lini yuko macho?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Kupanda kwa mia mbili ndani ya mvujo wa mia tisa unaocheza kila mvua ikinyesha, nani angekuona? Uliniuliza umemuumiza nani." Sauti ya Nyemo ilikuwa imepanda na hakuweza kuishusha. "Barua tatu, Daktari! Ya kwanza ina miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne mwanamke huyu anageuzwa kama gunia, hakuna anayemsemesha, kwa sababu mlikuwa mna shughuli ya kupaka kofia marashi!"

Kisha akakumbuka sahihi iliyokuwa chini ya mchoro, akamvua Sekela kofia.

Kesho yake asubuhi Daktari alimjia akiwa hajalala, lakini akiwa na wazo, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa wazo zuri.

"Kofia mbili," akasema. "Ya zamani ibaki na lakiri yake, iendelee kufanya kazi ya sheria. Yako tuitumie kwa tiba. Tutamtunza Sekela, tutawasemesha wale saba wengine walio hai. Na hawa kumi na mmoja... familia zao zitaendelea kuja. Tutawaambia polepole, mmoja mmoja, akiwa tayari. Hakuna atakayeumia. Niambie nani ataumia."

Nyemo akaweka brashi chini. Alimfikiria Bupe na kigoda kile. Alifikiria kumi na mmoja kati ya watu kumi na tisa. Hakuwa amesomea jambo hili. Alikuwa amesomea kuzuia umeme usipite mahali usipotakiwa.

"Nipe mpaka mchana," akasema, na akajichukia kwa kulisema.

4

Lwitiko alifika saa sita na nusu. Hakwenda kitanda cha saba. Alikuja moja kwa moja stoo, akasimama mlangoni, kofia yake ya kazini mkononi, na Daktari alipotaka kumtoa alisema, "Samahani, Daktari, nina neno na huyu mama."

"Baba, karibu," Nyemo akasema. "Nilikukosea siku ile. Ile kauli yangu..."

"Kauli yako haikunikosea. Jiwe ndilo." Alibaki amesimama. "Tangu siku ile ya jiwe sijaja. Miaka mitano sikuwahi kukosa hata siku moja. Jioni ile nilijaribu kumsimulia habari za siku nikiwa nyumbani, kama ninavyofanya nikiwa njiani, ili nijue nitaanzia wapi. Nikashindwa. Kila nikianza neno najiuliza, nasema na Bupe au nasema na jiwe? Mmeniharibia, mama. Sasa hata mkiniambia nuru ipo, sitaamini. Na mkiniambia haipo, nitaamini vipi?"

"Mzee Mwangomo," Daktari akaingilia, "tunaandaa utaratibu. Tutakaa na kila familia, taratibu..."

"Utaratibu gani?"

Daktari akamtazama Nyemo. Tumpe, aliyekuwa anakunja mashuka pembeni, akajibu yeye. "Wanataka kofia mbili, baba. Moja ya kweli na moja ya kuwapa moyo."

Lwitiko alimgeukia Daktari, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu.

"Nikifika hapa mchana, nikaona kijani, nitajuaje ni ipi?"

"Hutahitaji kujua," Daktari akasema kwa upole wa kweli.

"Basi ndiyo hivyo." Lwitiko akamgeukia Nyemo. "Wewe unayo ya kweli. Nipimie mke wangu. Mbele yangu. Na anza na mimi, nione inavyofanya kwa mtu aliye hai."

Nyemo alimpima Lwitiko kwanza, akiwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya kitanda cha saba: mia tano na sitini. Akaipima meza: tatu. Alimweleza kila kitu alichokuwa anafanya, kwa maneno mepesi, bila haraka. Alimweleza mvujo ulitoka wapi, na kwamba sahihi iliyopitisha mchoro ule ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Lwitiko alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwenzake. Kisha kofia ikateremshwa kwa Bupe.

Sekunde mia ni nyingi. Mvua ilipiga bati.

"Mbili," Nyemo akasema.

"Rudia."

Tatu.

"Kama ya meza."

"Kama ya meza, baba. Pole. Pole sana."

Lwitiko akaitikia kwa kichwa. Aliushika mkono wa mkewe, akautazama, akaurudisha juu ya shuka.

"Piga hiyo lakiri yako," akasema.

"Nikiipiga, haitakuwa ya Bupe peke yake. Kuna wengine kumi. Ndugu zao hawajaniomba."

"Mimi nimekuomba."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia ni vigumu."

"Mama," Lwitiko akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "nimezeeka kwenye kigoda hiki. Nilikataa kuhamishiwa Mufindi. Binti yangu aliolewa nikiwa nakimbia huku na huku nisimwache mama yake peke yake. Sijutii. Lakini nilifanya yote hayo kwa sababu niliamini kioo kinasema kweli. Kama kilikuwa kinasema chochote mvua ikinyesha, basi mtu fulani alinichagulia maisha yangu bila kuniuliza. Usiwachagulie hao wengine."

Nyemo alirudi stoo. Daktari alimfuata hadi mlangoni lakini hakuingia. Lakiri ilikuwa kitu kidogo, pete ya plastiki nyekundu inayobanwa kwa koleo. Nyemo akaipachika. Alibana. Kisha akavuta ubao wa kofia ya pili na kuanza kuufuta lavenda, maana kofia sita zilikuwa bado, na mvua haikuwa na dalili ya kukatika.

5

Ilichukua wiki mbili. Kila familia kati ya zile kumi na moja aliipimia mbele yao, akianza na mmoja wao na kisha meza. Hakuwahi kuchoka namna ile. Mama mmoja alimtemea mate miguuni. Ndugu wawili waligombana wodini, mmoja akidai kofia mpya imewekwa kwa ajili ya kuua, na Nyemo akalazimika kuifungua mbele yao na kuwaonyesha pete ya shaba, mguu ulio hewani, vifuko vya punje, mpaka yule mkali akachoka kubisha na kuanza kulia. Wengine walimshukuru, na hao walimwia vigumu kuliko aliyetema mate. Siku Bupe alipozimiwa mashine, Lwitiko alimwosha uso mwenyewe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akakunja kigoda, akaenda nacho.

Nyemo aliandika ripoti. Aliandika kwamba kosa la mchoro lilikuwa lake, akaorodhesha nyumba nyingine saba zilizojengwa penye unyevu, kuanzia Bukoba hadi Lushoto, na kutaka kofia zao zote zisimamishwe siku hiyohiyo. Ofisini walijibu kwamba wamepokea na wanalifanyia kazi. Alipoisoma sentensi hiyo alicheka mpaka Tumpe akaja kuangalia kuna nini.

"Wameniandikia barua," Nyemo akasema. "Nadhani nitaanza na Bukoba mwenyewe."

Siku ya kuondoka, saa nne asubuhi, Daktari Mwaijande alimtuma mtu amwite. Siku zote hizo Daktari alikuwa akikaa na Sekela asubuhi na alasiri. Aliweka kigoda. Alimwomba radhi kwa maneno mengi, siku ya kwanza, mbele ya wauguzi wote. Kisha yeye na Tumpe walibuni njia: wanasoma herufi polepole, na herufi inayotakiwa ikifika, Sekela anafikiria ubao wa darasani na namba inapanda; kwa nuru nyingi kama yake, sekunde chache zilitosha kuiona. Neno moja lilichukua robo saa. Siku zilizopita alikuwa amewapa maneno matatu tu: maji, ndiyo, mwanga.

"Leo ameanza sentensi," Daktari akasema. Alikuwa na daftari gotini, na macho mekundu. "Ameianza saa moja asubuhi. Nilidhani ataulizia ndugu zake. Nilijiandaa jana yote jinsi ya kumwambia."

"Ameuliza nini?"

Daktari akampa daftari. Herufi zilikuwa zimeandikwa moja moja, nyingine zimekatwa na kurudiwa.

YULE BABA WA KITANDA CHA SABA MBONA HAJI

Nyemo alisoma mara mbili. Akakitazama kitanda cha saba, godoro tupu, kisha uso wa Sekela ambao haukuwa na dalili yoyote, na kando yake namba ikicheza juu, mia tatu na ishirini, ikisubiri jibu.

"Miaka yote hiyo," Tumpe akasema taratibu, "hakukuwa na mtu mwingine anayezungumza humu."

Hakuna aliyetaka kupiga simu, kwa hiyo alipiga Nyemo. Lwitiko alipokea akiwa shambani. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake. Nyemo alimweleza. Ilibidi amweleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Lwitiko alidhani anaambiwa jambo la Bupe.

Mngurumo ukapungua. Alikuwa amesogea pembeni.

"Alikuwa anasikia," akasema.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Hatujui ameanza lini. Lakini nadhani mengi."

"Mama, mambo mengine pale nilikuwa namwambia mke wangu. Ni mambo ya mtu na mkewe. Kuna siku nililia. Kuna siku nilimtukana, nilikuwa nimechoka, nikamwambia angekufa tu nipumzike. Na huyo dada alikuwa pale?"

"Alikuwa pale, baba."

"Na bado ananiulizia?"

"Ametumia saa tatu kuuliza."

Nyemo alimsikia akivuta pumzi, akiitoa. Mtu mmoja alimwita kwa mbali, akamjibu asubiri.

"Mwambie..." Lwitiko akaanza, akaacha. Alianza tena, akaacha tena. "Hapana. Usimwambie kitu. Saa sita na nusu nakuja mwenyewe."